Windows Mpya Imenishinda Mara Moja, Niirudie?

Mpendwa Mama Limi, shikamoo. Naomba msaada, maana jambo hili nimelibeba tangu Pasaka na hata mume wangu halijui. Mimi ni karani katika kituo cha afya cha misheni huku Geita, nashughulika na wagonjwa wa kifua kikuu, wengi wao wachimbaji, na wachimbaji hawakai mahali pamoja, leo mtu yuko kwenye duara hili, shimo la dhahabu, kesho kasikia dhahabu imetoka Kharumwa, kaondoka na dawa hajamaliza, kwa hiyo mume wangu Onesmo, mwalimu wa hesabu, alituandikia programu ya kompyuta, na kila Jumatatu inatoa orodha ya waliokosa dawa, mimi na muuguzi tunawafuata huko huko machimboni.

Mwaka huu vituo vya ukanda huu vimepewa programu moja, mgonjwa akihama anajulikana aendako, lakini haikubali Windows yetu ya zamani, ya biti kumi na sita, inataka ile mpya, Windows 95, ya biti thelathini na mbili. Mkuu wetu, Sista Esta, akasema tuihamie. Onesmo akawaka: "Mashine inafanya kazi. Mkiichezea, msiniite!" Nikaona nimalize ubishi, siku Sista yuko safarini nikaanza kuingiza diski kumi na tatu za Windows mpya peke yangu, nikafika ya saba jenereta ikazima, ilipowashwa kioo cha kompyuta kikabaki cheusi. Fundi alirudisha Windows ya zamani na nakala ya orodha ya Januari, nami nikamwambia kila mtu ni umeme. Wagonjwa waliokuja baada ya Januari niliwaingiza kwa kichwa, kadi zao za karatasi nikaziacha kabatini, nikamsahau mmoja, Mageni. Wiki tano hakuna aliyemfuata. Aliletwa kwa baiskeli kutoka Kharumwa anatema damu. Yuko wodini, anaanza matibabu upya. Akaniambia, "Dada Justa, nilidhani mmenichoka."

Mama, Sista anataka tuhamie mwezi ujao, Onesmo amekaza, na mimi nikizitazama zile diski nazirudisha kwenye boksi lake. Nikubali au nikatae?

Justa, Geita, 1997

Mama Limi anajibu:

Marahaba, Justa. Pole wewe, na pole zaidi Mageni. Sasa nisikilize. Jenereta haikumsahau mtu. Kadi za karatasi za wagonjwa zilikuwa kabatini, ulishindwaje kuzipitia moja moja? Nakuambia ulivyoshindwa: ungeonekana, watu wangeuliza, ukaona afadhali ubahatishe. Hapo ndipo ulipokosa, mwanangu, si kwenye diski.

Windows mpya ikubali. Kazi ya mumeo ni nzuri na mwambie hivyo, lakini inamjua mgonjwa akiwa Geita tu, akivuka kwenda Kharumwa imempoteza. Wagonjwa wako ni watu wa kuhama. Hilo limeshaamua.

Ila usiguse diski hata moja kabla hujamweleza Sista Esta ukweli wote, wiki hii hii. Atakugombeza, vumilia. Kisha Onesmo. Yeye atanuna, mwache anune siku mbili, halafu mwombe akutolee nakala ya leo, si ya Januari. Ichapisheni yote, wewe na muuguzi mkae na kadi mlinganishe jina kwa jina. Mashine ya zamani isiguswe. Mwombe Sista aazime nyingine shuleni kwa mumeo, fundi aweke Windows mpya huko, wewe ukiwa pembeni na jenereta ikiwa na dizeli ya kutosha. Kwa miezi miwili toeni orodha mbili kila Jumatatu, moja kwa kila mashine. Zikifanana mara nane mfululizo, zimeni ya zamani bila kutazama nyuma. Zikitofautiana hata jina moja, anzeni kuhesabu upya.

Na ukitoka kwa Sista, usipitilize nyumbani. Ingia wodini, vuta kiti karibu na Mageni, umwambie kwa kinywa chako kwamba ni wewe. Usimtajie umeme. Akikufukuza, toka. Kesho yake asubuhi rudi na dawa zake.