Kofia ya Bwana Rennie Niliyoifukiza Udi

Peckham, London S.E. 15
Jumapili, 6 Desemba 1970

Mpendwa ndugu yangu Suad,

Assalaam aleikum. Nianze na afya yako, maana barua yako iliyopita umeniandikia habari za watu wote ukajisahau mwenyewe. Lile jino limetulia? Na Mama Zainab, miguu bado inamvimba? Mwambie binti yake wa ziwa, aliyemnyonyesha pamoja nawe, yu mzima, ila baridi ya huku imemfanya avae soksi mbili mbili kama kichaa. Nawatakia Idi njema nyote, ingawa imeshapita.

Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haina raha. Barua yako nimeisoma ndani ya basi, nimeisoma kiwandani kwenye mashine ya kushonea, nikaisoma tena nikipika mpaka wali ukaungua. Juzi nilipitiliza kituo changu, nikateremka mahali nisipopajua kabisa.

Unaniuliza umwambieje Yunus. Mume wangu mwenyewe, na jibu nimeshindwa kuliandika. Mara naandika umzuie, mara nachana karatasi. Pasipoti yake ni ya Kiingereza kama yangu. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilipanda ndege kabla sheria ya kuingia huku haijabadilika, yeye akabaki nyuma kufunga duka, mlango ukafungwa usoni pake. Sasa leseni ya duka amenyimwa kwa kuwa si raia wa huko, vocha ya kuingilia huku haijatoka, na wewe wasema anashinda barazani kwako tangu asubuhi. Na ghafla anataka kuja bila vocha, liwe liwalo, ila anangoja neno langu.

Ngoja nikupe kisa cha Idi, kisha utapata jibu lako.

Nyumba ninayopanga ni ya mzee wa Kiskoti, Bwana Rennie, aliyefiwa na mkewe. Juu ya rafu ya sebuleni kwake pana kofia ya mahameli ya buluu yenye shada la nyuzi za fedha. Tangu nihamie nilijua ni tarbushi, kama ile ya marehemu baba. Nikajisemea, kumbe mzee huyu ni mwenzetu, labda alisilimu Misri na sasa anaona haya kusema. Ramadhani nzima nikimkuta anakula mkate mchana namsitiri, nasema maskini, ni mgonjwa.

Basi siku ya Idi nikaiteremsha, nikaipiga brashi, nikaifukiza ule udi wako mpaka ikanukia kama chumba cha bibi harusi. Nikampelekea pamoja na sahani ya tambi, nikamvika mwenyewe kichwani na kumwambia Idi Mubarak.

Alinikodolea macho. Nikajua nimeharibu. Kisha akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpe maji. Kofia ile, Suad, ni ya mpira! Kwao mchezaji akichaguliwa kuchezea taifa lake hupewa kofia, wala haivai uwanjani. Usicheke sana, jino litakuuma.

Hakuivua. Alikula tambi zangu nayo kichwani huku akinieleza. Ujanani alishuka migodini kuchimba makaa ya mawe, na Jumamosi akicheza winga wa kushoto. Baada ya vita vya kwanza vya dunia klabu moja ya London ikamchukua, na kwa misimu kadhaa hakuna beki aliyeweza kumshika. Akaitwa kuichezea Scotland dhidi ya Wales, akatoa pasi ya bao. Hiyo ndiyo kofia.

Mwaka uliofuata akagombana na meneja, ugomvi wa maneno tu. Zamani hizo jina la mchezaji lilikuwa mali ya klabu. Basi wakakataa kumchezesha, na wakakataa kumwachia aende kwingine. Mtu ana timu, jina lake limo, na uwanjani haruhusiwi kukanyaga. Aliposema hivyo nilimwona Yunus na pasipoti yake, nikaweka kijiko chini.

Timu moja ya Ufaransa ilimwita, yeye na mwenzake aliyekuwa na mkasa kama wake. Mwenzake akaenda. Bwana Rennie akaogopa kufungiwa maisha, akasema atafuata utaratibu. Alikaa misimu miwili. Kila Jumamosi alikwenda kusimama nje ya ukuta wa uwanja wao, akisikiliza watu wakishangilia. Walipomwachia, kasi ilikuwa imekwisha miguuni. Akatangatanga kwenye timu ndogo ndogo, mwisho akaendesha basi.

Nikamuuliza kama yule mwenzake alifungiwa.

"Alifungiwa," akasema. "Lakini alikuwa amecheza. Mimi nilikuwa na adabu tu."

Tangu siku hiyo nina hasira, na sijui namkasirikia nani. Kila barua namwandikia Yunus avute subira, zamu yake itafika. Itafika lini? Najua wako waliokuja bila vocha wakarudishwa, wakarushwa nchi hii na ile, wengine wakawekwa ndani. Naogopa, Suad, naogopa sana. Lakini naogopa zaidi kuja kupewa mume aliyeisha.

Mwambie apande. Avae lile koti la baba tangu Nairobi, na wakimuuliza aseme kweli, anakuja kwa mkewe. Wakimrudisha, aje tena. Niletee simu ya maandishi kunijulisha siku ya ndege, nitakuwa kiwanja cha ndege tangu alfajiri. Bwana Rennie ameshikilia kuja nami, na kofia atavaa. Nimemwambia haitatusaidia kitu, amesema hajali.

Nisalimie Mama Zainab, umbusu mikono kwa niaba yangu. Msalimie Talib wako na Bi Sheikha wa nyumba ya pili. Mungu awape afya na awalinde na kila shari, na safari hii aitie heri.

Ni mimi nikupendaye, tulionyonya ziwa moja,
Nasim

Tena: barua hii ikimkuta Yunus barazani kwako, usimmiminie chai nyingine. Msaidie kufunga sanduku.