Tupa Laini ya Baba

Machimboni, siku ya 3, mwezi wa ukungu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa kushika kalamu tu. Hofu yangu ni wewe na mama. Tangu unifungie lango kwa mkono wako zimepita siku kumi na mbili. Sikulaumu. Mkuu wa walinzi alikuwa nyuma yako, na magamba ya shingoni mwangu kila mtu aliyaona.

Waliotupwa huku tulikuwa kumi na mmoja. Tumebaki saba. Ukungu ukishuka, zimwi linatoka shimo la chini, linachukua mmoja na kurudi. Jana limemchukua mwokaji, yule wa mikate ya kuungua. Mjini wanasema sisi ndio tunaogeuka mazimwi. Baba, sisi ni chakula chake.

Pande zote ni mwamba. Njia ya kutokea ni kupitia mjini. Tufungulie mlango wa mfereji mara moja tu. Ufunguo unao wewe peke yako, fundi wa makufuli ya mji. Mchota maji anayetushushia maji kwa kamba ataficha jibu kwenye kata yake.

Mwanao

Karakanani, siku ya 6

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, ila mama yako hasemi nami. Ananiwekea chakula anaondoka. Mlango siwezi. Wakinishika, na yeye watamtupa.

Nakutumia tupa laini, ile ya kusugulia chuma. Ichovye kwenye mafuta, ufuate gamba linakolalia. Ukilipinga linatoa damu, na baada ya wiki yanaota mawili. La nyuma ya sikio liache mwisho, ndilo linalouma. Ngozi ikilainika, nitawaomba walinzi wakukague upya.

Baba yako

Machimboni, siku ya 8

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Sisi tumebaki watano.

Tupa inafanya kazi kama ulivyosema, hata hilo la nyuma ya sikio. Baba, umejuaje? Hakuna fundi anayefundishwa hayo. Nimekumbuka kola yako, unavyoifunga hadi kidevuni hata tanuri likiwaka, nasi tukikutania kwamba unaogopa mbu. Niambie ukweli.

Mwanao

Karakanani, siku ya 11

Mwanangu,

Marahaba, ingawa sistahili kuitikia. Ni miaka ishirini na miwili. Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua karakana. Umeyarithi kwangu. Siku ile langoni nilikuwa nimetoka kuyasugua, shingo inawaka moto, nikasukuma komeo huku unaniangalia. Nilikuwa mwoga. Nikijitazama sijioni kuwa mtu.

Baba yako

Machimboni, siku ya 13

Baba,

Shikamoo. Nimelia, nimekutukana, nimemaliza. Mengine tutayasema tukiwa hai. Tumebaki watatu, na miguu ya mwenzetu mshonaji imevimba, itabidi tumbebe.

Sasa nisikilize vizuri. Usimwambie mtu yeyote. Sugua shingo yako, funga kola, cheka na walinzi kama kawaida. Kesho kutwa adhuhuri, wakibadilishana zamu, fungua mlango wa mfereji. Tutakuwa tumejibanza upande wa pili. Hatuna mtu mwingine, Baba. Ni wewe na huo ufunguo.

Mwanao

Karakanani, siku ya 13

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Mimi leo ni mzima kweli. Jibu lako halijanifikia, lakini hili haliwezi kungoja.

Asubuhi nimesimama sokoni nikavua kola mbele ya watu. Nimewaambia yule niliyemfungia lango ni binti yangu, na magamba yake ni yangu. Sauti yangu haikukatika. Mkuu wa walinzi ameuchukua ufunguo kiunoni mwangu, na mwashi ameanza kuuziba mlango wa mfereji kwa mawe. Mama yako hawakumgusa. Amesema nami leo, akaniambia nikushike mkono.

Kesho kutwa adhuhuri wananitupa huko kwenu kwa lango kubwa. Nisubiri hapo, mwanangu. Najua utafurahi. Sitakuacha tena.

Baba yako