Bata Ninao, Mbingu Sina

Jumapili, 23 Februari

Siku watu watakapoandika historia ya pazo – zile picha za mbao zinazokatwa vipande vipande, halafu mtu mzima anaumia kichwa kuzirudisha – wataanza na mimi, na huenda wakaishia hapohapo. Mkataji wa mkono mji huu ni mmoja tu. Na miji ya jirani. Huko mbele sijui, ila sijasikia mwingine.

Mpwa wangu kaondoka leo. Kapata kazi mbali, ofisi yenye lifti. Nimembebea begi mpaka stendi. Kanisihi nile vizuri, nisikate bila miwani. Nikamwambia miwani yangu iko vidoleni. Akacheka, basi likaondoka bado anacheka. Afadhali.

Sikulia. Stendi ile ina vumbi!

Nimerudi, nimekaa. Kumbe friji yetu inaunguruma. Miaka yote hii sikujua.

Jumanne, 25 Februari

Kazi kubwa! Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto kaja mwenyewe hapa sebuleni, maana sebule ndiyo karakana. Anataka pazo la ukubwa wa meza. Picha kaja nayo: bwawa, bata chini, mbingu juu. Kuna mtoto wa kitanda cha dirishani, Jumatatu ya tarehe kumi anapasuliwa. Kaahidiwa pazo kabla ya siku hiyo, na ahadi hiyo ndiyo inayomfanya ameze dawa. Kwa hiyo Jumamosi tarehe nane Sista anakuja kulichukua. Na anataka alikute limepangwa lote mezani, alione kwa macho yake, ndipo livunjwe liingie boksini.

Nikamwambia, Sista, umefika. Nikampa kisa cha wezi watatu walioingia humu kuiba, wakaliona pazo langu halijakamilika, wakakaa kulipanga. Kulipokucha wakakutwa wamekaa hivyohivyo, mmoja anamwomba askari dakika tano tu amalizie pembe.

Sista akauliza tena: Jumamosi, sawa?

Nikasema hata Ijumaa.

Ijumaa, 28 Februari

Picha nimeibandika kwenye plaiwudi. Gundi nyembamba, unaisambaza kutoka katikati kwenda nje ili pasibaki hata povu moja. Juu nimeweka ubao, juu ya ubao matofali, juu ya matofali sanduku la mpwa wangu aliloliacha. Zito! Sijui kaacha nini humo. Sijafungua.

Kapiga simu. Yuko kwenye foleni ya lifti. Kaniuliza, vichwa na makwapa vinaendeleaje? Hayo ni maneno yetu wawili. Kichwa ni kile kinundu cha kipande, kwapa ni lile pango kinamoingia. Kichwa kikibana sana, tunasema kwapa lina jasho. Hakuna shule inayofundisha hayo. Nilitaka kumweleza habari ya bata lakini lifti ikafika.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekata! Kutwa nzima. Msumeno wa uzi, ule wenye meno usiyoyaona mpaka yakung'ate. Mimi sichori mistari kwanza. Nakata kutoka kichwani, kila kichwa na shingo yake, hakuna viwili vinavyofanana. Katikati nimekata kipande chenye umbo la birika, ndiyo sahihi yangu. Mkono haukutetemeka hata mara moja, labda mara mbili.

Ila kuna jambo. Kazi hii tumezoea kuifanya hivi: mimi nakata, mpwa wangu anapokea. Kipande kikitoka tu kwenye msumeno, nakisogeza kushoto bila kutazama, yeye anakidaka na kukilaza kwenye trei, mahali pake, karibu na mwenzake. Nikimaliza kukata, picha ipo nzima pembeni. Wageni wakija nawaambia, mnaona, nakata huku pazo linajipanga.

Leo nimekata cha kwanza, nikakisogeza kushoto, nikaachia. Ta! Sakafuni.

Nikakiokota. Nikakata cha pili. Nikakisogeza kushoto.

Ta!

Mwishowe nikaweka beseni pale anapokaaga. Sasa beseni limejaa. Nimekata kama malaika, nimekusanya kama kuku.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeanza kupanga. Jambo dogo. Mtu aliyekata ndiye anayejua, au siyo?

Kona nne nimezipata. Ukingo wote umekaa, maana una upande mnyoofu, hata kipofu anaupata. Bata nao wamekubali, wana midomo ya njano. Nyasi kidogo. Mchana nikala mkate nimesimama.

Imebaki mbingu. Sista alichagua picha ya mbingu tupu, haina hata wingu la kumwonea mtu huruma. Bluu, bluu, bluu.

Jumatano, 5 Machi

Mbingu. Nimepata viwili.

Kimoja kimetoka tena.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Cherehani kagonga mlango. Anashona chumba cha pili, ukuta wetu mmoja. Mume wake alishatangulia, wateja wake wanasema anaongea na cherehani. Kasema:

"Profesa, siku ya tatu leo nasikia unatukana mtu. Mgeni gani huyo asiyejibu?"

"Nafanya majaribio, Mama. Ya kitaalamu."

Akachungulia juu ya bega langu. "Mbona mbingu ina matundu?"

"Inapumua."

Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akaniuliza kama nataka mtu wa kunisaidia, maana leo hana nguo nyingi. Nikamwambia, Mama, wewe unaongea na mtu aliyewanasa wezi watatu kwa pazo moja. Akanitazama.

"Mwezi uliopita mwizi alikuwa mmoja. Leo watatu. Wanazaliana humo ndani?"

Akaenda zake. Mlango niliufunga polepole mno, kama mtu anayetaka mwenzake auzuie.

Mpwa kapiga simu. Kauliza pazo la wodi vipi. Nikasema limekwisha zamani, nimekaa nalitazama tu. Halafu akaniuliza, Mjomba, mbingu umepanga mwenyewe? Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Ukweli ni huu, na haumhusu mtu: sijawahi kupanga pazo hata moja. Wala lile dogo la paka. Kukata najua. Kipande kikishaachana na mwenzake, mimi simjui tena ndugu yake ni nani.

Keshokutwa Sista anakuja. Nimemfikiria yule mtoto wa dirishani, ambaye sijamwona na wala sijui ni wa kike au wa kiume. Anameza dawa kwa ajili ya neno langu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimekwenda kugonga chumba cha pili. Nilikuwa nimepanga maneno: kwamba namhitaji kama shahidi, si kama msaidizi. Mama Cherehani akafungua, futi ya kupimia ikiwa shingoni, na mimi nikasema, "Nimeshindwa na mbingu."

Hata hakucheka. Akachukua kiti chake, akaja nacho mwenyewe. Nikasema viti vipo. Akasema, vyako vyote vina vumbi la mbao, mimi nashona nguo ya bibi harusi.

Akakaa. Akatazama bluu ile kitambo. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, mkataji pekee wa mji huu na miji ya jirani, sikuwahi kuliwaza: akavigeuza vipande vyote, sura chini!

"Mama, picha iko upande wa pili!"

"Picha haikusaidii, yote rangi moja. Tazama mgongoni. Kitambaa kina uelekeo wa nyuzi, ubao hauna?"

Unao! Plaiwudi ina mistari, yote inakwenda njia moja. Akavilaza vyote mistari ikimwangalia yeye, na ghafla kila kipande kikajua kichwa chake kiko wapi na miguu yake iko wapi. Kuanzia hapo ikawa kama kuunganisha mikono ya shati. Yeye anatafuta, mimi namkabidhi. Baadaye mimi natafuta, yeye anakabidhi. Nimepata kumi na kitu mimi mwenyewe! Cha kwanza nilipiga kelele, akaniambia nitamwamsha mteja aliyesinzia kwake akisubiri suruali. Kumbe kweli alikuwa na mteja. Akaenda kumpa, akarudi.

Tumeongea. Kanieleza mume wake alikuwa hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na alikuwa anajidai anaweza. Alikuwa anakwenda nao nje, anaomba wapita njia. Nikacheka peke yangu, kisha nikaona hacheki, anatabasamu tu akitazama sindano isiyokuwepo. Nikamwambia habari ya friji. Akasema ya kwake nayo inaunguruma, kaizoea, siku hizi anaijibu.

Chai tumekunywa mara mbili. Mara ya pili kaipika yeye, kwa sababu ya kwangu kaiita maji ya kuoshea brashi.

Alasiri mbingu ikafunga. Yote, isipokuwa tundu moja juu kulia, la kipande kimoja. Tukatafuta. Beseni tupu. Chini ya meza, chini ya kabati. Mama Cherehani kapiga magoti na nguo yake nzuri, kafagia karakana nzima, kapepeta vumbi la mbao kwa vidole kama anayechagua mchele. Hakuna. Nami nikawa nainama pale anapoinama, nasema, ajabu hii! Ajabu!

Jua likaelekea kuzama. Akaosha mikono, akanishika bega, akasema nisihangaike, kesho asubuhi atarudi mapema kabla ya Sista, tutafute kwenye mwanga mzuri, na kisipopatikana tutakata kingine, yeye atakuwa mpokeaji. Kiti chake kakiacha hapa. Namsikia sasa hivi upande wa pili, cherehani inakwenda.

Sista anakuja kesho saa nne. Mtoto atapata mbingu yake nzima, hilo naapa.

Kipande hakijapotea. Kiko kwenye soksi yangu, ya kulia. Nilikitia mchana, aliposema kazi ikiisha ataenda.