Tangu Nitoke Chumba cha Uchunguzi

Jumamosi, Nduguti. Upepo wa Juni uliamka kabla yangu na mpaka sasa jioni haujatulia. Nimefagia uani, vumbi limerudi, nikaacha. Shule zimefungwa, watoto wako Iguguno kwa bibi yao, na nyumba iko kimya hivi kwamba nasikia bati la jikoni likigongagonga.

Naandika hapa mtandaoni kwa jina lisilo langu, na majina ya wengine nimeyabadilisha pia. Nduguti ni mji mdogo, na mimi ni mgeni wa kuolewa. Kwetu ni Mitundu. Kinyiramba nakisikia vizuri tu, ila kukisema najikwaa, kwa hiyo wanawake wenzangu wakikaa kisimani wakicheka, mimi hucheka nikiwa nimechelewa kidogo.

Ngoja nianze na lililonitoa nyumbani.

Mwezi uliopita gari la matangazo lilipita sokoni, likisema wanawake waende kituo cha afya kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, bure. Nilikuwa nimekaa na cherehani yangu, nashona sare za shule. Nikaacha pindo katikati. Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili, na mpaka leo ukiuliza ndugu zangu aliumwa nini, watakwambia tumbo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea maji. Niliziona zile khanga alizokuwa akizifua alfajiri kabla watu hawajaamka, akizianika nyuma ya banda la kuku ambako hapiti mtu. Tumbo halitoi damu vile.

Nilikwenda bila kumwambia mtu. Nilikuwa siumwi popote, hilo nalisema kwa ajili ya mwanamke atakayesoma hapa akidhani mpaka aumwe ndipo aende.

Nesi alinipaka dawa yenye harufu kama siki, akasubiri kidogo, akaangalia. Kisha akaangalia tena. Ule mwangalio wa pili sitausahau.

"Siyo saratani, mama," aliniambia. "Ni mabadiliko tu. Yakiachwa, baada ya miaka yanaweza kuja kuwa saratani. Tunaweza kuyatibu leo hii hii, kwa joto. Unakubali?"

Nilikubali. Tumbo lilinikaza kama la hedhi, kisha ikawa basi. Nilipokuwa navaa, nesi alinieleza kwamba nitatoka majimaji kwa muda, nisishtuke. Nikiona damu nyingi, harufu mbaya au homa, nirudi haraka. Na nisikutane na mume wangu kwa wiki sita mpaka kidonda kipone. Nikamuuliza mabadiliko hayo yanatokana na nini. Akasema ni kirusi, kinapita kwa njia ya kukutana kimwili, watu wengi sana huwa nacho bila kujua, na kinaweza kukaa mwilini miaka na miaka bila dalili. Mtu anaweza kuwa amekipata kabla hata hajaolewa, au akakipata kwa mume wake, na mume mwenyewe asijue kama anacho.

"Usianze kutafuta nani kampa nani," akasema. "Nenda ukamwambie baba watoto taratibu."

Nilimwambia taratibu. Nilisubiri ale kwanza. Baba Upendo ni fundi ujenzi, mtu wa maneno machache, na katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuninyanyulia mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia mikono yake yenye saruji kwenye kucha.

"Huo ni ugonjwa wa wanawake wanaotembea," akasema. "Wewe umeutoa wapi?"

Nikamweleza yote ya nesi. Alinyanyuka nikiwa bado naongea. Akachukua blanketi, akaenda kulala sebuleni.

Tangu siku hiyo hajarudi chumbani.

Sijui niseme nini kuhusu siku zilizofuata. Hajanitukana. Anakula, anasema asante, anaacha hela ya mboga mezani, anakwenda kazini. Tunapishana mlangoni kama wapangaji. Bora angefoka, ningejua pa kumjibia. Nikaona nimpigie dada yangu aliyeko Singida mjini, nikalia kwenye simu. Akaniambia, "Pole mdogo wangu. Ila usimwambie mtu mwingine." Najua alinihurumia. Lakini baada ya kukata simu nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, nikahisi kama kuna mtu ametoka akafunga mlango kwa nje.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo mpaka leo.

Jana nilinyanyua dumu la maji, nikaona damu kidogo. Usiku mzima nilimwona mama. Asubuhi nikaoga, nikajitanda khanga, nikaenda kituoni. Baba Upendo alikuwa anakunywa chai. Hakuniuliza naenda wapi.

Kwenye benchi la kusubiri kulikuwa na wanawake wachache. Mmoja alikuwa na mumewe, wanagawana karanga kutoka kwenye mfuko mmoja. Nikageuza uso. Ndipo nikamwona mwanamke aliyekaa mwisho kabisa wa benchi, amejifunika ushungi mpaka machoni. Nilimjua kwa viatu. Mama Zuberi, jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mjane wa miaka mingi. Mama ambaye kukiwa na msiba mtaani ndiye anayefika wa kwanza na sufuria zake, bila kuuliza marehemu alikuwa dini gani. Wanaume wa mtaa wetu wakigombana, wakimwona anapita wanashusha sauti.

Tulijifanya hatujuani. Mimi nikasoma mabango ukutani, yeye akahesabu tasbihi yake chini ya ushungi.

Nesi alinipima, akasema ni kawaida, kidonda kinaendelea vizuri, nipunguze kubeba vitu vizito. Nilitoka nimepata nguvu ya miguu. Mama Zuberi aliingia baada yangu. Sijui kwa nini sikuondoka. Nilikaa palepale nikijidanganya kwamba nasubiri upepo upungue.

Alipotoka alikuwa amesahau kufunika uso. Alipita mbele yangu, akasimama, akakaa karibu yangu.

"Shikamoo, Mama Zuberi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Kisha, bila kunitazama: "Wamesema hapa hawawezi. Doa ni kubwa. Niende hospitali kubwa Singida, wakate kinyama kidogo wakapime."

Nikamuuliza kama ameshamwambia Zuberi, mwanawe aliye kazini Arusha.

"Nimwambie nini mtoto wa kiume? Kwamba mama yake anaumwa wapi?" Akavuta ushungi wake mbele. "Siendi. Nitakunywa dawa za miti, nitaswali, basi."

Ningeweza kumpa pole nikaondoka. Watu wengi wangefanya hivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kupewa pole. Lakini nikaona zile khanga nyuma ya banda la kuku.

"Mama Zuberi," nikasema, "na mimi nimekutwa nalo. Langu wamelichoma hapahapa. Na mama yangu alikufa nalo akiwa anaficha. Nitakwenda na wewe Jumatatu."

Sasa ndipo akanitazama. Alinitazama sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Tulivyorudi, tulirudi pamoja, taratibu, tukiongelea bei ya alizeti.

Jioni hii Baba Upendo aliporudi nikamwambia Jumatatu naenda Singida, namsindikiza mtu hospitali.

"Mtu gani?"

"Mwanamke mwenzangu. Mgonjwa kama mimi."

Akatabasamu kidogo, lile tabasamu linaloumiza. "Kumbe mmeshakuwa chama."

Jina lilikuwa kwenye ulimi wangu. Ningelitaja tu, hoja yake yote ingeanguka palepale, kwa sababu hakuna mtu Nduguti hii anayeweza kusema Mama Zuberi anatembea. Ningemrudisha mume wangu chumbani kwa neno moja. Nililimeza. Siyo langu, ni la mwenyewe.

Haikupita muda, hodi mlangoni. Alikuwa ni yeye, na kikombe mkononi, anaomba chumvi.

Baba Upendo aliruka kutoka kwenye kiti. "Shikamoo mama! Karibu, karibu ukae." Akapangusa kiti kwa mkono wake, kile kiti chake mwenyewe. Akamuuliza habari za Zuberi, akamwahidi kwamba wiki ijayo atakwenda kumtengenezea lile bati linalovuja, na hela asithubutu kutaja. Mama Zuberi alikaa wima, akiitikia marahaba, asante, Mungu akubariki. Nilisimama mlangoni mwa jikoni na chumvi mkononi, nikiwatazama, nikatamani kucheka na kulia.

Nilimsindikiza mpaka uani. Nilipokipokea kikombe nitie chumvi, kilikuwa kizito. Chini mlikuwa na chumvi yake mwenyewe, ameifunika kwa kipande cha gazeti.

"Bado unakuja?" akanong'ona.

"Nakuja. Basi la kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda, anashikilia ushungi wake usichukuliwe na upepo. Niliporudi ndani, Baba Upendo alikuwa amerudi kwenye kiti chake. "Mama yule," akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, "ni mtu safi sana."

"Ni kweli," nikajibu. "Ni mtu safi."

Alinitazama, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kama anayesubiri sentensi iliyobaki. Sikumpa.

Sasa niko chumbani na simu yangu, yeye yuko sebuleni na blanketi lake. Sijui hospitali watamwambia nini Mama Zuberi. Sijui kama mwanamume huyu atarudi kulala hapa, na leo, kwa mara ya kwanza, sijui pia kama akirudi nitasogea ukutani kumpa nafasi. Ninachojua ni kwamba Jumatatu asubuhi kuna mtu atakuwa ananisubiri kituo cha basi.