Kaptula Iliyofungiwa Sandukuni

Selpher dada, msomee Hawe, bibi yetu, polepole, na usitie chumvi yako.

Hawe, uji umefunikwa jikoni. Kuku wamelishwa. Nyama ya Krismasi iliyobaki imeliwa, usimsingizie paka.

Mfungwa wako Ngowa ametoka. Siku nne amekaa ndani, leso yako kiunoni, akichungulia wenzake wakienda mpirani, na kosa ni lake. Siku ya Krismasi alikutania kwamba wanafunzi wenye kaptula za kaki sasa wanapelekwa vitani Bama kupigana na Wajapani. Hukucheka. Ukaifungia kaptula yake sandukuni.

Leo ulipokwenda kisimani, aliupata ufunguo chini ya mto. Chini ya kaptula akakuta kofia ya jeshi aliyoiacha baba mdogo Randu, mwanao, alipokuja likizo ya mwisho kabla ya kupelekwa Bama. Mfungwa akaipangusa kwa leso yako.

~~Ameivaa kaptula, anakwenda zake mpirani.~~ Ameirudisha. Ufunguo uko pale pale. Amekwenda kumwita mwalimu Kaviha aje akuhakikishie kwamba ule ulikuwa uongo. Ukiridhika, utafungua mwenyewe.

Atapita barabara kuu na leso ile ile, mchana kweupe. Mikindani nzima imwone.

Mjukuu wako Ngowa