Shangazi Alitaka Vyote Viwili

Mjukuu wangu Zaina,

Huku Masuguru hatujambo. Bibi yako anakusalimu. Mguu wake unaendelea vizuri. Unauliza kama kijiji cha ujamaa kilituendeleza. Swali hilo bado linanichanganya.

Miaka ile ya sabini tulikuwa tumehamishwa kutoka kwetu hadi kijiji kipya, hukohuko Handeni. Akaja kukitazama mchumi Mwarabu, mwandishi wa vitabu vinavyohoji maendeleo, nami nikawa mkalimani wake. Mwenyekiti wa kijiji akatutembeza, na kwenye shamba la kijiji tukamkuta shangazi yangu ameketi, jembe liko chini.

"Mbona hulimi, mama?" mwenyekiti akamuuliza.

"Kule kwetu ukiita watu wakulimie, unawapikia. Hapa mwenye shamba nani?"

"Sisi sote."

"Basi na wewe ukasonge ugali, mwenyekiti."

Watu wakacheka. Mgeni akataka nimuulize kijiji kimemnyang'anya nini.

"Mwambie bomba la maji nalipenda," shangazi akajibu, "na kwetu nataka kurudi."

Mgeni alishika kalamu asiandike. Vitabu vyake vilisema watu hudanganywa kwamba wameendelea. Shangazi hakuwa amedanganywa.

"Angeambiwa achague kimoja, angechagua kipi?" akaninong'oneza.

Hata leo, mjukuu wangu, sijui ningemjibu nini.

Mungu akutunze huko uliko.

Babu yako