Miale Isiyokutana

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Paa la jikoni limeshazibwa, na mwanao anarefuka hadi sare inamkimbia.

Juzi niliwapa wanafunzi wangu kazi ya lenzi iliyovimba katikati: wachore mshumaa, wapitishe miale, waonyeshe taswira inapotokea. Miale ya mwanao ilivuka lenzi ikaenda sambamba hadi ukingoni mwa karatasi, bila kukutana. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba uvivu wa nyumbani asiniletee darasani.

Jioni nilichukua rula nikachora mwenyewe. Kumbe ni mimi niliyeuweka mshumaa kwenye fokasi kabisa, ile nukta lenzi inapokusanyia mwanga, na mwanga ukitokea hapo miale yake haikutani, uivute utakavyoivuta. Mtoto alikuwa sahihi.

Tangu hapo kila nikifungua mdomo nimwambie, najikuta namwongezea chai.

Leo ameniletea kazi nyingine mezani, akaniuliza kwa upole, "Shangazi, miale hii nayo niikunje kidogo ili ikutane?"

Nimemwambia ale kwanza, chakula kinapoa.

Ni mimi dada yako, uliyemwachia mwanao.